Kasisi Johannes Rebmann na Njia ya Kwenda Kilimanjaro

Kila mwaka maelfu ya watu huja kupanda mlima Kilimanjaro. Wengine hupandia Marangu, wengine Machame, na wengine hupita njia nyingine zilizofunguliwa baadaye. Wapo pia wasiofika kileleni, bali hutembea chini katika msitu, au katika milima ya Taita, ili waone uzuri wa kazi ya Mungu na kupumzisha roho. Wengi wao hawajui kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuandika habari za njia hizo alikuwa kasisi wa Kanisa letu, mtu mpole asiyechukua bunduki mkononi ila mwavuli.

Tumeona vema tusimulie maisha yake, maana jina lake hutajwa mara nyingi lakini habari zake hujulikana nusu nusu. Watu husema kwamba yeye ndiye aliyeuvumbua mlima Kilimanjaro. Neno hilo si sawa. Wachaga walikuwa wakiishi na kulima mlimani tangu zamani, na wafanyabiashara wa pwani waliufahamu vizuri. Alilolifanya yeye ni hili: aliongozwa katika njia ya watu wengine, akaona, akaandika kweli aliyoiona, wakubwa wa elimu wakamkataa, naye hakuiacha kazi yake. Hilo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko kuvumbua mlima.

Kijana wa Gerlingen

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika nchi ya Württemberg ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Nchi yao ni ya vilima na mashamba ya mizabibu. Alipokuwa kijana aliitikia wito wa kazi ya Injili, akaenda kusoma Basel katika nchi ya Uswisi, mahali walipofundishwa wamisionari.

Siku zile chama cha CMS cha Kanisa la Uingereza hakikupata Waingereza wa kutosha waliokuwa tayari kwenda mbali. Kwa hiyo kiliwapokea vijana wengi wa Kijerumani waliotoka Basel. Rebmann akaenda London, akasoma katika chuo cha CMS kilichokuwa Islington, akawekwa wakfu kuwa kasisi katika Kanisa la Uingereza.

Alifika Mombasa tarehe 10 Juni 1846. Hapo alimkuta Dakta Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg kama yeye, aliyekuwa ametangulia kufika mwaka 1844. Krapf alikuwa amekwisha kumzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga katika pwani ile, na alikuwa akingoja mwenzake kwa hamu. Baada ya miezi miwili wawili hao wakahamia Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, kwa ruhusa ya wazee wa Warabai. Siku ya kuhama, tarehe 25 Agosti 1846, wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Punda alikuwa mmoja, nao wakapokezana kumpanda, huyu akipumzika na yule akijikongoja. Hivyo ndivyo kituo cha Rabai kilivyoanza, kwa udhaifu mkubwa.

Njia iliyokuwako

Ni lazima tuieleze kwanza njia yenyewe, maana bila hivyo msomaji hawezi kuelewa safari zake. Kutoka vilima vya Rabai kwenda Uchagani ni zaidi ya kilomita 200. Haikuwa barabara. Ilikuwa njia ya miguu ya kupita mtu mmoja mmoja, iliyokanyagwa na misafara ya watu wa Mombasa, na Waduruma, Wakamba na Wataita. Waliokwenda bara walichukua nguo, shanga na waya. Waliorudi pwani walichukua pembe za ndovu, na wakati mwingine watumwa. Jambo hilo la huzuni tusilifiche.

Mwendo wa njia ile ulifuata maji. Baada ya Duruma msafiri aliingia nyika ya Taru, nchi kavu yenye vichaka vya miiba na udongo mwekundu, isiyo na mto hata mmoja mpaka Taita. Maji yalipatikana katika mashimo ya mawe yaliyojaa wakati wa mvua. Mashimo yakikauka, msafara ulikuwa hatarini. Aliyejua mahali pa mashimo hayo ndiye aliyekuwa bwana wa safari, hata kama wengine walikuwa na mali na cheo kumshinda.

Baada ya nyika ilionekana milima ya Taita, inayosimama ghafula kama visiwa baharini: Kasigau upande wa kusini, kisha Maungu, Sagalla, Ndara na Bura. Juu ya milima hiyo kuna msitu wenye ukungu, chemchemi za maji baridi, na mashamba ya watu. Baada ya Bura njia ilishuka tena katika uwanda mpana wenye wanyama wengi, ikavuka mto Lumi karibu na msitu wa Taveta, kisha ikapanda Uchagani, penye migomba na maji mengi.

Safari ya kwanza ya Rebmann katika njia hii ilikuwa fupi. Aliondoka Rabai tarehe 14 Oktoba 1847, akafika mlima Kasigau ambao yeye aliuandika kwa jina la Kadiaro, akarudi nyumbani kabla ya mwezi kwisha. Kasigau una urefu wa zaidi ya mita 1,600, na hata leo mwenye kuupanda huanza katika joto la nyika na kumaliza katika msitu wa baridi wenye miti iliyoota ndevu za kijani. Wataita walimpokea. Akaona kwamba mtu asiye na silaha aweza kupita salama, na kwamba mbele yake kulikuwa na nchi nyingine iliyotajwa na kila msafiri: Uchaga, na mlima wake mrefu.

Tarehe 11 Mei 1848

Watu wa pwani walikuwa na habari za kutisha juu ya mlima ule. Walisema una majini. Walisema waliothubutu kuupanda walirudi wakiwa na mikono na miguu iliyokakamaa, au hawakurudi kabisa, na kwamba huko juu baruti haikushika moto. Rebmann aliyasikiliza yote, akayaweka moyoni.

Tarehe 27 Aprili 1848 aliondoka Rabai pamoja na wapagazi wasiofika kumi. Aliyewaongoza alikuwa Bwana Kheri, mtu wa Mombasa, mkuu wa misafara aliyekuwa amekwenda Uchagani mara nyingi. Huyu Bwana Kheri alikuwa Mwislamu, na Rebmann alikuwa kasisi wa Kikristo. Walizungumza mengi njiani na hawakukubaliana katika mambo ya dini. Lakini katika mambo ya njia, kasisi alimtii kiongozi wake. Bwana Kheri alishangaa kumwona Mzungu akienda katika nchi ya simba na vita kwa kuchukua mwavuli peke yake. Mwavuli ule, tunaweza kusema, ulifanya kazi nyingi kuliko bunduki, maana ulikuwa msimu wa mvua za masika.

Walivuka nyika, wakapita Taita na Bura, wakaingia uwanda ulio upande wa magharibi. Asubuhi ya tarehe 11 Mei, milima ya Uchaga ilipoanza kuonekana wazi, Rebmann aliona juu ya mmoja wao kitu cheupe. Kwanza alidhani ni wingu linalong'aa. Akamwuliza kiongozi wake. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu hicho. Alijibu tu kwamba ni baridi. Kwa mtu aliyezaliwa Württemberg neno hilo moja lilitosha. Alijua palepale kwamba anaiona theluji, ikiwa karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Tafadhali msomaji usilipite jambo hili haraka. Theluji ilionekana kwa macho ya watu wawili waliokuwa pamoja. Mmoja alijua mlima, wala hakujua theluji. Mwingine alijua theluji, wala hakujua mlima. Elimu iliyotokea asubuhi ile ilitoka kwa wote wawili, si kwa mmoja. Lakini vitabu vingi vimeandika jina la mmoja tu.

Baadaye waliposimama kupumzika, Rebmann aliketi chini ya mti, akafungua Biblia yake mahali alipokuwa amefika katika usomaji wake wa kila siku. Ilikuwa Zaburi ya 111, inayosifu matendo makuu ya Bwana. Msomaji aweza kuitafuta zaburi hiyo mwenyewe na kufikiri maana yake kwa mtu aliyeketi mbele ya mlima ule.

Baada ya siku chache walifika Kilema, katika nchi ya Mangi Masaki, wakapokewa kwa amani. Rebmann alikaa huko siku kadhaa, akauliza habari za lugha, za nchi na za mlima. Akajifunza kwamba Wachaga wenyewe wana jina la kile kitu cheupe, ndilo Kibo. Kwa hiyo hawakuwa wajinga wa theluji hata kidogo. Tarehe 11 Juni 1848 alirudi Rabai akiwa mzima.

Machame, na safari iliyoharibika

Tarehe 14 Novemba mwaka ule ule aliondoka tena, akakaa safarini miezi mitatu. Safari hii alipita Kilema na Uru hata akafika Machame, kwa Mangi Mamkinga, ambaye alikuwa na nguvu kuliko watawala wengine wa Uchaga wakati ule. Njia ya huko hukata mabonde marefu yanayoteremka kutoka mlimani, kila bonde na mto wake wa maji baridi, na katikati kuna msitu mkubwa wa asili. Atembeaye leo katika vijiji vya juu kati ya Uru na Machame anajua mabonde hayo kwa uchungu wa magoti yake. Hushuka mpaka chini kabisa, akavuka maji, akapanda tena, na jirani aliyemwona ng'ambo kwa nusu saa bado yuko mbali.

Huko Rebmann aliuona mlima kwa karibu, hata usiku kwa mwanga wa mbalamwezi. Akaandika kwamba una vilele viwili: cha magharibi cha mviringo chenye theluji siku zote, na cha mashariki kilicho chini zaidi na chenye ncha nyingi, ambacho hupata theluji wakati wa mvua tu. Kila apitaye Moshi asubuhi ya anga safi anaweza kuona kwamba aliandika sawasawa. Hivyo ndivyo Kibo na Mawenzi.

Alisikia pia kwamba zamani mtawala wa Machame aliwatuma watu wapande mlima wakachunguze kile kitu kinachong'aa, maana wengine walidhani ni fedha. Wengi walikufa kwa baridi. Mmoja alirudi akiwa na mikono na miguu iliyoharibika. Hapo Rebmann alielewa asili ya habari za majini alizosikia Mombasa. Watu hawakusema uongo. Walieleza kweli waliyoiona kwa maneno waliyokuwa nayo.

Safari ya tatu ndiyo iliyomvunja moyo. Aliondoka tarehe 6 Aprili 1849 na wapagazi 30, akikusudia kupita Uchaga na kuendelea mpaka Unyamwezi. Mvua za masika zilikuwa kali. Alipofika Machame, Mamkinga aliyempokea vizuri mara ya kwanza sasa alizitaka nguo na shanga zake siku baada ya siku, mpaka akiba yote ya safari ya Unyamwezi ikaisha. Rebmann akalia machozi. Walipomwuliza sababu, alieleza kwamba halilii mali yake mwenyewe, bali vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao ili Neno la Mungu lifike mbali. Akageuka akiwa mgonjwa wa homa na kuhara, chakula kikiwa haba, akafika Rabai tarehe 27 Juni 1849. Unyamwezi hakuuona kamwe.

Tusimlaumu Mamkinga peke yake. Mtawala yeyote aliye kando ya njia ya misafara aliishi kwa ushuru na zawadi, na mgeni mwenye mizigo 30 alionekana mfanyabiashara, hata akisema siye. Rebmann mwenyewe alijifunza kwamba mizigo mingi humfunga msafiri. Alipokwenda na watu wasiofika kumi alipita. Alipokwenda na 30 alizuiwa.

Kweli iliyokataliwa

Habari zake zilichapwa London mwaka 1849 katika gazeti la CMS. Wengi walifurahi. Lakini alikuwako mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliyekuwa na jina kubwa katika mambo ya Afrika ingawa hakuwahi kuikanyaga. Yeye alikataa kabisa. Alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako katika nchi ya joto kama ile, na kwamba kasisi alidanganywa na macho yake. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf naye aliuona mlima Kenya na theluji yake alipokuwa Kitui, katika nchi ya Wakamba. Hata huo ushahidi wa pili haukukubaliwa na wenye shaka.

Fikirini, wasomaji, uzito wa jambo hilo. Mtu amekwenda kwa miguu katika miiba, amekosa maji, amelala msituni, ameona kwa macho yake mara tatu. Mwingine aliyeketi mezani London, mwenye vitabu na ramani, anaambiwa mwerevu, na huyu wa kwanza anaitwa mwenye ndoto. Rebmann alijibu kwa barua, akieleza aliyoyaona. Zaidi ya hayo hakuwa na la kufanya. Hakuwa na fedha za kupanda mpaka theluji na kuleta ushahidi, wala hiyo haikuwa kazi iliyompeleka Rabai.

Badala yake aliendelea kuuliza wasafiri. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za wafanyabiashara wa pwani, wakachora ramani ya bara yenye ziwa moja kubwa mno katikati. Ramani hiyo ilitolewa miaka ya 1855 na 1856. Ilikuwa na makosa, kwa kuwa waliunganisha maziwa matatu kuwa moja. Lakini ndiyo iliyowasukuma Waingereza kuwatuma Richard Burton na John Speke mwaka 1856 kutafuta maziwa hayo, nao walipofika pwani walikwenda Rabai kumwona Rebmann.

Miaka 13 ilipita tangu asubuhi ile ya Mei ndipo mtu mwingine akaenda kuhakikisha. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken, pamoja na mtaalamu wa mawe Richard Thornton, alifika Kilimanjaro. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, theluji ikawaangukia. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, aliifikia theluji yenyewe. Na tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama juu ya kilele cha Kibo, ambacho leo kinaitwa Uhuru na kina urefu wa mita 5,895. Rebmann hakuishi kuona siku hiyo.

Aliyebaki Rabai

Watu wengi humwacha Rebmann hapo kwenye theluji. Lakini safari zake zote za Uchaga hazikuzidi miaka miwili, naye alikaa Afrika Mashariki miaka 29 bila kurudi kwao Ulaya. Je, alifanya nini miaka iliyobaki?

Yeye na Krapf walitofautiana. Krapf alitaka vituo vingi vinavyofuatana kukata bara lote. Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha na kungoja. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya ugonjwa. Erhardt naye akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki. Mwaka 1851 alikuwa amemwoa Emma Tyler, mjane wa Kiingereza, huko Misri. Walipata mtoto mmoja, akafa akiwa mchanga. Mwaka 1857 vita ya Wamasai iliwafukuza Rabai kwa muda, nao wakarudi baadaye kujenga upya. Mwaka 1866 Emma akafa, na kasisi akabaki peke yake pamoja na Wakristo wachache, wachache sana, kiasi kwamba wageni waliomtembelea waliandika kwamba kazi yake haikuzaa kitu.

Katika miaka hiyo aliandika kamusi. Alikusanya maneno ya Kiswahili na ya Kinika. Alipomkuta Mombasa mtumwa mmoja aliyetekwa karibu na ziwa Nyasa, jina lake Salimini, aliketi naye akajifunza lugha yake, akaandika kamusi ya lugha ya Nyasa kabla hajaona mtu yeyote wa nchi hiyo nyumbani kwake. Akaitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili, nayo ilichapwa mwaka 1876. Hapa pia tunaiona tabia yake ile ile. Alimfuata Bwana Kheri katika njia ya nyika, na akamfuata Salimini, mtumwa, katika njia ya lugha.

Macho yake, yaliyoiona theluji na kukataliwa, yakaanza kufifia. Mwishowe akawa kipofu. Mwaka 1875, wakati CMS ilipoanza kazi mpya ya Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, alikubali kurudi Ulaya. Hakuweza kwenda peke yake. Aliyemshika mkono na kumwongoza safari yote alikuwa Isaka Nyondo, kijana Mkristo wa Rabai, mtoto wa Abe Gunja ambaye alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuamini. Mtu aliyesemwa kwamba hakuzaa kitu aliongozwa nyumbani kwao na tunda la kazi yake.

Alikaa Korntal, karibu na Gerlingen, mahali Krapf alipokuwa akiishi. Alioa tena, lakini siku zake zilikuwa zimebaki chache. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na umri wa miaka 56, akazikwa huko. Kamusi yake ya lugha ya Nyasa ilitengenezwa na Krapf ikachapwa mwaka 1877.

Njia hizo leo

Njia ya zamani bado ipo, ingawa imevaa nguo nyingine. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikata nyika ile ile ya Taru, na barabara kuu inapita karibu na Maungu mpaka Voi, kisha nyingine inaelekea Bura na Taveta. Abiria wa basi huvuka kwa saa chache nchi iliyomchukua Rebmann majuma mawili. Katika milima ya Taita vipande vya msitu wa asili vimebaki vidogo, na ndani yake wanaishi ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kilimanjaro ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Wanaopanda kwa njia ya Machame hulala usiku wa mwisho katika kambi inayoitwa Barafu, kisha huamka usiku wa manane kupanda. Karibu na ukingo wa Kibo hupita kando ya barafu iliyopewa jina la Rebmann. Barafu hiyo inapungua. Wataalamu waliopima wamesema kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa Kibo mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka. Yawezekana watoto wetu watakuja kuwasimulia wajukuu wao juu ya weupe wa Kibo, na wajukuu wakaona vigumu kusadiki, kama Cooley alivyoona vigumu. Siku hiyo shahidi wa kweli atahitajiwa tena.

Sheria ya hifadhi inamtaka kila apandaye Kilimanjaro afuatane na mwongozaji mwenye kibali. Wengine huona hiyo ni gharama ya bure. Sisi tunaona ni adabu ya zamani ya njia ile. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kwenda Kasigau, au Machame, au katika msitu wowote wa milima yetu, mwulize mwongozaji jina lake na umwite kwa jina hilo. Mwulize majina ya mito na miti, na mahali maji yanapopatikana. Mpagazi akitua mzigo, msaidie kuutua. Na ukirudi ukaulizwa uliyoyaona, yaseme kama yalivyo bila kuongeza, kisha mtaje aliyekuonyesha. Rebmann aliandika jina la Bwana Kheri katika habari zake, na ndiyo sababu sisi tunalijua mpaka leo.